Jina la Baba Kwenye Kompyuta ya Mapokezi

3 Machi

Mwanangu Faharasa,

Habari za huko? Natumai u mzima, na mgongo umepunguza kelele chini ya ule mzigo wa mashuka unayofua. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatajwa kwenye kila barua kama mtu wa nyumbani.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu tumzike baba yako, miezi miwili sasa, nikipiga inaita mpaka inakata, halafu unaniletea ujumbe: "Nipo kazini Mama." Hiyo kazi haina hata dakika ya kujikuna? Haya, nimepata njia nyingine ya kukufikia.

Maktaba imetuletea mwalimu. Watumishi wote sita tunafundishwa mitandao ya kijamii, barua pepe, na kitu kinaitwa jedwali la pamoja. Mkutubi Mkuu anasema wasomaji wamehamia kwenye simu na sisi hatuna budi kuwafuata hukohuko. Mwalimu ni mama mfupi mwenye subira, kila sentensi yake ina neno "bofya", kwa hiyo tumeshambatiza Bi Bofya. Mimi niliyeshona vitabu miaka ishirini na saba, vidole vimejaa gundi, kipanya kinaninata mkononi hadi wenzangu wanacheka. Lakini leo tumeambiwa kila mtu aandike barua pepe ndefu kwa mtu aliye mbali, na katika barua simwogopi mtu.

Tunajifunzia kwenye kompyuta ya mapokezi, ile ya baba yako. Unajua ni yeye aliyelianzisha kundi la wasomaji mtandaoni wakati sisi wengine tulikuwa tunamcheka. Tuliikuta iko wazi, kundi liko tayari, tukaingia tu. Nimeandika tangazo kwa mkono wangu: maktaba itafungwa Jumamosi kufukiza wadudu. Watu kumi na wanne wamelipenda. Nimejiona mtu mkubwa.

Nijibu, hata mistari miwili.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Pole na goti. Mimi nipo salama, mgongo unavumilika. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, na kwa zile simu. Simu ikiita siku hizi natoka nje, hata ikiwa ni ya mtu mwingine ndani ya chumba cha mashine. Barua naziweza.

Mama, kuna jambo nakuuliza, na unijibu taratibu. Wiki iliyopita wakati wa mapumziko nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya sabuni, kikombe cha chai mkononi, nikafungua kundi la wasomaji. Nikaliona jina la Baba. Picha yake ile ya miwani iliyoteremkia puani. "Maktaba itafungwa Jumamosi kufukiza wadudu." Pembeni ya picha kile kidoa cha kijani kwamba yupo hewani. Chini yake watu wanamshukuru. Mmoja ameandika, "Mzee wa Marejeo, ulitupotea kweli, tunashukuru umerudi."

Chai yote niliimwaga magotini. Najua Baba yuko wapi. Lakini nimekuwa nikiangalia kila siku, na kidoa kinawaka asubuhi na kuzimika jioni, saa zilezile alizokuwa akifungua na kufunga maktaba.

Nani anatumia jina lake?

Mwanao

13 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilipoisoma barua yako nilivaa miwani, jambo nililopaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, nikaenda kulitazama tangazo langu. Kweli. Juu yake jina la baba yako.

Kosa ni letu wote, mwanangu, na ni la kijinga. Baba yako hakuwahi kutoka kwenye akaunti yake. Asubuhi ile aliiacha wazi akaenda kupanga vitabu chumba cha marejeo, mengine unayajua. Sisi tumekaa kwenye kiti chake, tumejifunza kwenye kompyuta yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mtu huingia kwa jina lake na kutoka kwa jina lake. Zaidi ya wiki nzima watumishi sita tumesema kwa kinywa cha marehemu. Mpokea wageni amewajibu watu "karibuni sana". Mlinzi ametuma picha ya paka. Bi Bofya alishika kichwa.

Nikuambie na hili. Jana tulikuwa kwenye jedwali la pamoja, lile tunaloorodhesha vitabu vilivyopotea. Kila anayeandika huonekana kwa wengine kama kialama chenye rangi na jina. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha ushonaji, peke yangu, mlango umefungwa. Nikaona kialama cha bluu kinashuka mstari kwa mstari, kina jina la baba yako. Kinasimama, kinasogea, kinasimama tena, kama alivyokuwa akipita kwenye rafu akigusa migongo ya vitabu. Nilijua ni mpokea wageni, yuko mapokezi, namsikia akikohoa. Nilijua kabisa. Na bado nikasema "Habari za asubuhi, mume wangu," nikangoja.

Mkutubi Mkuu anataka akaunti ifungwe mara moja. Nimemwomba tuiache hadi mwisho wa mwezi, wasomaji waelezwe kwa adabu kwamba Mzee wa Marejeo hayupo tena. Huo ndio udhuru wangu. Ukweli ni kwamba napenda kuliona jina lile likisogea.

Bi Bofya amegawa kazi. Mimi nimepewa inboksi: kuna ujumbe mwingi watu wamemwandikia baba yako faraghani tangu Januari, niusome na kuujibu mmoja mmoja. Naanza Jumatatu.

Mama yako

14 Machi

Shikamoo Mama,

Tafadhali usifungue inboksi. Mpe kazi hiyo mtu mwingine, au waambie waifunge akaunti leo hii. Usiniulize kwa nini. Nakuomba kama mwanao.

Mwanao

29 Machi

Shikamoo Mama,

Siku kumi na tano sina barua yako. Shangazi ananiambia u mzima, unakwenda kazini kama kawaida. Nashukuru kwa hilo.

Jana saa ya mapumziko niliutazama ujumbe wangu kwa Baba. Ndiyo, nilimwandikia. Ulikaa tangu Januari bila kufunguliwa, na mimi niliridhika ukae hivyo, nilikuwa nimeuzika. Jana chini yake palikuwa na neno: umesomwa. Halafu nikiwa bado naangalia, vile vidoa vitatu vikaanza kucheza. Baba anaandika. Vikacheza, vikakoma, vikacheza tena. Msimamizi aliniita mara mbili sikuinuka. Dakika kumi karibu, Mama, nimeshika simu kwa mikono miwili. Kisha vikapotea na hakuna kilichokuja.

Sijalala vizuri. Nikikunja mashuka naona vidoa. Kuna wakati nilitamani jibu lije, kutoka kwa yeyote yule.

Kama ni wewe, niambie. Kama si wewe, usiniambie.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu Faharasa,

Ni mimi.

Barua yako ya kunikataza ilifika Jumapili, na nilikutii. Ujumbe wa watu wengine niliujibu wote, wako niliupita kila siku nikiona jina lako tu. Wiki mbili nilijizuia, na ndiyo maana sikukuandikia. Ningeshika kalamu ningekuuliza. Siku ile mkono ulinishinda. Nisamehe. Mama hana haki ya kila mlango, lakini ule ulikuwa na jina lako nje na jina la mume wangu ndani.

Nimeusoma. "Baba, ulinipigia mara tatu, saa nne na nusu. Niliona. Bado nilikuwa na hasira ya yale maneno ya Jumapili, kwamba nimewatupa, nikaigeuza simu kifudifudi nikaendelea kupiga pasi. Jioni Shangazi akaniambia umefariki mchana. Ulikuwa unakufa unaniita. Mama nimemdanganya kwamba nilinyimwa ruhusa ya kuja kukuzika. Sikuomba ruhusa. Ningesimamaje mbele yako."

Nilianza kukujibu palepale. Niliandika "Nimekusamehe mwanangu." Kisha nikaona jina litakalokaa juu ya maneno hayo, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Ungelala usingizi mzuri, labda. Lakini ingekuwa nimemsemesha maiti, na wewe ungeishi na jibu ambalo hakulitoa. Tumeshamtumia vya kutosha.

Sasa kaa chini, hata kama ni juu ya ndoo yako ya sabuni.

Aliyekupigia si baba yako.

Alianguka saa nne na robo, kati ya rafu ya kamusi na dirisha. Nilitoka chumba cha ushonaji nikikimbia, gundi mkononi, na nilipofika alikuwa ameshaondoka. Niliupapasa uso wake nikajua. Daktari aliandika saa sita mchana kwa sababu ndipo alipotuona, na Shangazi akaishika saa hiyo. Pochi yangu, na simu ndani yake, ilikuwa imefungiwa kabatini na ufunguo sikuuona kwa machozi. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaitoa nikakupigia wewe, mtu wa kwanza, nimekaa sakafuni kichwa chake mapajani mwangu. Mara tatu. Uliona jina lake, kumbe ni mimi. Hukupokea nami nikashukuru kidogo, kwa kuwa sikuwa na neno la kuanzia. Nikamwachia Shangazi kazi hiyo, na aibu ya kumwachia imenifunga mdomo hadi leo. Hukuuliza, nami sikusema, na wewe ukabeba kitu ambacho hakikuwa chako.

Baba yako hakufa anakuita. Alikufa anapanga vitabu, na asubuhi hiyo tukiwa njiani aliniambia, "Nilimsema vibaya yule mtoto. Jumapili nitampigia tuyamalize." Sikutungii hadithi. Mimi hushona vitabu, siandiki.

Simu uliyoigeuza kifudifudi ilikuwa yangu. Ruhusa ambayo hukuiomba ilikuwa ya kuja kunishika mkono. Hayo nayakasirikia, siwezi kukuficha, na usiku wa matanga niliutazama mlango sana. Lakini mimi nipo hai, mwanangu. Ya kwangu na wewe tunaweza kuyamaliza.

Jana jioni, wenzangu walipoondoka, nilikaa mapokezi kwenye kiti chake. Nikabofya "Toka". Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Kisha nikabofya ndiyo, na kidoa kikazima, nawe bila shaka ulikiona kikizima. Leo asubuhi nimeingia kwa jina langu. Kwenye jedwali mimi ni rangi ya kahawia, mlinzi anasema nafanana na gundi yangu.

Kesho saa nne na nusu asubuhi nitakupigia. Utaona jina langu, na atakayekuwa anasema ni mimi.

Mama yako

3 Aprili, saa nne na dakika thelathini na nne

Shikamoo Mama,

Imeita mara mbili. Nimeitazama mara zote mbili, nimeiweka juu ya shuka na sijaigeuza.

Usichoke. Piga ya tatu.

Mwanao