Uchovu Ambao Fanta Haikuuondoa

Jumatano. Hapa Kamembe mvua imenyesha tangu asubuhi, na sina hata hasira nayo.

Mimi ndiye yule anayepandisha gunia la kilo hamsini kutoka mpakani huku anapiga mluzi. Wafanyabiashara wa Bukavu wakivuka na mizigo, huniita mimi kwanza. Sekondari niliiacha mwaka wa pili, lakini mgongo wangu una diploma.

Miezi miwili sasa mgongo umegoma. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kiu haikatiki, nakojoa kila saa, suruali naifunga kwa kamba. Wakinicheka nasema ni mtindo.

Sikushtuka. Tangu vita virudi ng'ambo, huko Kongo, nani hapa hajachoka? Kwetu mama mdogo, aliyekimbia huko, analala sebuleni na batoto wake wanne. Nilipomwambia Maman kwamba nimechoka, hakuacha hata kupepeta maharage.

"Weye tu? Batu bote bamechoka."

Kweli.

Wenzangu wa mizigo wakaja kunijulia hali, na kwa mgonjwa muntu haendi mikono mitupu: kila mmoja na Fanta yake. Papa Deo, mkubwa wetu, akasema, "Kunywa yote, damu irudi! Umekonda sawa mwiko." Nikanywa. Chupa tano kwa siku, wao wakipiga makofi. Nikazidi kuchoka, nikaagiza zingine.

Leo nimedondosha gunia.

Unga ukamwagika kwenye matope. Mwenyewe, mama mmoja wa Bukavu, hakunitukana. Alinitazama tu. Angenitukana ningejua la kujibu.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi akanitoboa kidole, akasoma kamashini kake, akatoboa kingine.

"Ukichoka unakunywa nini?"

"Fanta tu. Mi ni bingwa."

Hakucheka. "Hii haiko uchovu ya kazi. Uko na sukari. Na ile Fanta inaizidisha."

Nikamwambia sukari ni ya bazee banene, mi niko na miaka makumi mbili tu. Akasema haiulizi miaka. Akanieleza: ninachokula kinabaki kwenye damu, hakigeuki nguvu, ndiyo maana ya kiu, ya mkojo, ya kukonda. Nitahitaji sindano kila siku. Akaniandikia karatasi ya hospitali. "Leo leo. Usilale na hii nyumbani, unaweza kufa."

Hiyo ilikuwa saa sita. Nilipita nyumbani kuchukua kadi ya bima ya mutuelle tu, maana bila hiyo kadi matibabu ni ghali. Sasa ni saa kumi. Nimekaa kitandani na viatu miguuni, nabonyeza simu.

Si kwamba naogopa. Ningependa kuogopa. Nimelitafuta lile neno "kufa" ndani yangu nione litagusa wapi, halikugusa popote.

Nakiri: nilitaka kubaki hapa hivi hivi, mpaka giza.

Maman ameingia, ameiona karatasi. Hajui kusoma, lakini mhuri anaujua. Amejifunga kitenge cha kutokea, ametoka barabarani kuita pikipiki ya taksi-moto, amerudi akasimama mlangoni.

"Simama. Kama ni kuchoka, utachokea kule."

Honi inalia nje. Miguu mizito, kichwa kitupu, na mimi bingwa mzima nashikwa mkono na mama yangu.

Nasimama. Kama nataka kupona, sijui bado. Nasimama kwanza.