Pia ya Kaka Masanja

Mjukuu wangu Limi,

Marahaba. Mama yako mzima, mtama tumevuna. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke.

Umeuliza utotoni nilicheza na nani. Enzi za Mwingereza, mimi na kaka yangu Masanja tulichonga pia za mti, tukazichapa kwa kamba zizunguke huku tukichunga. Ambaye yake ilianguka kwanza alikwenda kurudisha ng'ombe.

Masanja alipokwenda Geita kuchimba dhahabu, aliniachia yake. Nikawa nachapa zote mbili peke yangu, nikitaka ya kaka ishinde. Ilishinda mara nyingi. Lakini ishinde yake, ishinde yangu, ng'ombe niliwarudisha mimi.

Hakurudi.

Pia zote mbili ninazo. Ukija likizo, chagua moja. Ng'ombe nitawarudisha mimi, nimeshazoea.

Babu yako