Pumzi ya Mpuliza Karnai

Margilan, mwanzoni mwa Septemba

Kwa ndugu yangu Ergash, mpuliza zumari,

Asalaam aleikum. Je, magoti yako bado yanalia kuliko zumari yako? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Saodat anakusalimu, na anasema ile sahani ya pilau uliyoondoka nayo uirudishe.

Umeniuliza kama nitapuliza karnai, lile tarumbeta langu refu, kwenye harusi ya mjukuu wako Zebiniso. Swali lako nililipeleka hospitali.

Ugonjwa huu wa kukakamaa ngozi una vituko. Baridi kidogo tu, vidole vinakuwa vyeupe kama mishumaa. Uso umenyooka, makunyanzi yamekwenda, hata wajane wa mtaani wananitazama. Saodat ananiambia nisijivune, ngoma nayo hukazwa ngozi kabla ya kupigwa.

Lakini daktari Mohlaroy hana haja na uso wangu, anafuatilia mapafu. Kila miezi sita hunipulizisha mrija wa mashine ya kupimia pumzi. Mwaka wa kwanza pumzi ilishuka. Wa pili ikashuka tena, wa tatu ikaporomoka, naye akanikataza karnai. Mimi nikataka kujua pumzi hiyo inakwenda wapi. Nikamwuliza kama huvuja nikilala, akacheka.

Juzi akainama kunitazama nikipuliza. "Babu, mbona upepo unatokea pembeni? Fumba mdomo!" Nikamwambia ndiyo nimeufumba hivyo, mjukuu wangu. Akanibana midomo kwa vidole kama anayefunga sambusa. Nikapuliza, mashine ikapanda hadi kipimo cha mwaka wa kwanza! Nikarudia, ikapanda vilevile. Akasema mapafu yangu yalipungua ule mwaka wa kwanza, kisha yakatulia. Wengine huendelea kushuka, mimi nimesimama. Kilichozidi kupungua ni mdomo: ngozi imeuvuta, haufumbi.

Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu kama mwehu. Nikaibeba karnai hadi nyuma ya miforosadi, nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Ergash, upepo ukavujia pembeni, karnai ikakoroma tu; aliyeitika ni punda wa jirani. Nilijaribu tena na tena mpaka machozi yakanitoka, na hapo sikuwa nikicheka.

Basi jibu lako ni hilo: pumzi ninayo, midomo sina. Karnai mpe yule mkweo mwenye mashavu ya chura. Mimi nitakuja nikae ubavuni pake, na akikosea, pumzi ya kumtukana ninayo mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Mbusu Zebiniso kwenye paji la uso. Na sahani usiisahau.

Ni mimi ndugu yako,
Hamrokul, kijana asiye na makunyanzi