Nusu maki ya Valentine

Tabby, soma hii sasa hivi.

Unajua ile ufahamu niliwapea Form Three leo asubuhi, ya gesi ya makaa? Ile haina rangi wala harufu, inaua watu wakiwa wamelala?

Nikiwa nasahihisha, nimefika kwa Valentine. Ameandika: "Gesi huwezi kuinusa. Lakini jiko ikishika vizuri haina moshi, kwa hivyo haina gesi. Hata leo nimewachia mama na mtoto wake mchanga jiko kwa nyumba juu ya baridi."

Nikampa nusu maki. NUSU MAKI, Tabby! Nikachukua karatasi ingine!

Ndio ikanigonga. Amewachia mama na mtoto.

Tumekimbia na yeye mpaka kwao Gatina. Dirisha imezibwa na gunia. Mama ukimwita anajibu kama mlevi. Mtoto ameregea kama kitambaa, tumemtoa nje ndio akalia.

Wako kliniki sasa, mtoto amewekwa oksijeni.

Valentine analia tu, "Lakini mwalimu, ilikuwa imeshika."

Na mimi nilijua nini? Hata yangu huwa nangoja ishike ndio niingize ndani.

Tabby, jiko yako iko wapi saa hii? Nijibu.