Saa ya Kuhesabu Mwendo

Jumamosi jioni, Kamina

Bado iko mkononi. Inawaka kila ninapougeuza mkono kuandika.

Papa Ramazani, muuza saa wa sokoni, alinipa niijaribu hadi Jumatatu. "Vaa kwanza, mama. Iko inahesabu mwendo yako yote, haidanganyi." Tangu muuguzi aniambie presha ya damu inapanda na nitembee zaidi, nimekuwa nikiiota saa hii.

Leo sikutoka uani. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, na jirani yangu Mado, kinu kimoja, michi miwili, yeye akishusha mimi nikiinua, wimbo kati yetu. Tulipomaliza saa ikatetemeka, ikanipongeza: nimetembea mbali sana.

Mado alicheka mpaka akakaa chini. "Weye! Ulitembea wapi? Miye niko nakuona hapa hapa!"

Nilikasirika. Bei yote ile, na haijui kutofautisha mchi na mguu! Itarudi kwa mwenyewe.

Lakini tangu jua lizame najiuliza: kweli, nilitembea wapi? Pengine nilishika njia ya Mulongo, kwa mama. Sijamwona tangu watu wenye silaha waifanye njia ile kuwa ya hofu. Simu yake haishiki siku hizi. Nawaza miguu yangu ina vumbi, na harufu ya samaki wa moshi inaanza kunifikia kutoka mtoni, na...

Jumatatu nitairudisha, haifai kitu.

Ila kesho, baada ya misa, nitamwita Mado tutwange muhogo pia. Mulongo ni mbali, na leo nadhani nimefika nusu ya njia.