Kisiki Kilichonivunjia Mpini

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kutoka Kibaigwa. Magunia yamenichosha mgongo, lakini kikohozi kimeniacha. Mwambie bibi yako.

Umeuliza kama ung'oe visiki vyote kabla ya kupanda miche. Ujanani niling'oa vyote hapo hapo Mlali, isipokuwa kimoja kilichonivunjia mpini wa jembe. Baba alinicheka: "Dume zima, kisiki kimekushinda!" Mvua ziliponyesha kikachipua. Kiangazi cha mwaka wa pili, miche iliyopona ni ile ya kivulini pake tu.

Kwangua gome kwa kisu. Kisiki kikavu king'oe, kinafuga mchwa. Chenye ubichi kiache, ubakize chipukizi moja lenye nguvu.

Niliposoma kwamba hujaanza kuchimba, nilishusha pumzi. Maana mti mnaofungia mbuzi ndio kile kisiki changu.

Babu yako