Homa Niliyokusingizia

Mdogo wangu Twalibu,

Salamu sikutumii. Ulipokuwa hai nilibisha hodi ukanijibu, "Umekuja kuchungulia kama nimekufa?" Tukacheka. Kumbe aliyekuwa akifanya mzaha ni mimi peke yangu.

Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, uvumilie. Wewe ndiwe uliyesoma, ukawa fundi wa saa pale Ndia Kuu, na mwizi wa dhumna barazani. Nilipokuta kete chini ya paja lako ulisema, "Yakhe, hiyo imechoka, naipumzisha."

Ulipojaribu kujiua mara ya kwanza, mkeo alikuwa ameshaondoka, na usingizi wako ukamfuata. Majirani wakauliza. Nikasema una homa. Wakaleta uji, mwarobaini, hata kuku. Ukaninong'oneza, "Kaka, homa hii ina faida." Nikaona umepona. Mwalimu wa madrasa akakuandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, zikaoshwa ukanywa. Nami, tabibu wa darasa la nne, nikavificha vidonge vya hospitali kabatini, ili dawa mbili zisigombane tumboni. Mwalimu hakuniagiza hayo. Ni akili zangu mwenyewe.

Mara ya pili, nesi aliniuliza, "Amewahi kujaribu kabla ya leo?" Nyuma yangu walikuwepo watu wa mtaani. Nikasema, "Hajawahi." Akaandika. Baadaye ndipo nilipoelezwa kuwa aliyewahi kujaribu ndiye wa kuchungwa zaidi, hasa siku zile anaporudi nyumbani, na hasa akiwa mpweke na dawa ameacha. Wakakuruhusu mapema. Nikakurudisha chumbani mwako peke yako, nikaenda zangu barazani.

Mara ya tatu hakuna aliyeniuliza kitu. Hata matangani nilisema homa.

Wiki jana mwanao Salimu, ambaye naye siku hizi halali, alinijia. "Ami, baba alikufa na nini?" Ulimi ulikuwa na jibu tayari. Nikalimeza. Nikamwambia yote, mpaka vidonge nilivyovificha. Kisha nikaenda naye kliniki, nikamweleza daktari mara zako zote tatu, yeye akisikia.

"Umeniaibisha, ami," akasema tulipotoka.

Tangu siku hiyo anakwenda kliniki, ila mimi hanisalimii. Akinipita hugeuza uso. Na anune. Bora aninunie yu hai.

Naishia hapa, vidole vimekaza. Mola akurehemu, na mimi anisubiri kidogo, nina mwanao wa kumchunga.

Mimi kakako, mwongo wa zamani.